Uzi Mwekundu kwenye Mtungi wa Mbegu

Vijana wa ofisi ya mifugo, mliniandikia kwenye kundi letu la simu mkasema, "Mzee Kimaro, tuandikie mambo ya kazi kabla hujayasahau." Nimekubali, ila mnanijua, sipendi maneno ya kupakana mafuta. Vyeo na mishahara nitaviruka, maana vyenyewe viliniruka mimi miaka mingi. Nitaandika habari za ng'ombe wa nyama, mimba zao, na mtu mmoja anayeitwa Saidi, ambaye nilimwonea wivu tangu mwaka wa kwanza tulipofanya kazi pamoja mpaka wiki iliyopita. Anayetaka habari za hafla ya kuniaga aangalie picha.

Kazi hii nilijifunzia Arusha, kwa mzee mmoja wa Kimasai tuliyemwita Fundi. Jumatatu ya kwanza hakutuonyesha ng'ombe hata mmoja. Alileta ndoo ya vizazi vya ng'ombe kutoka machinjioni, akatufunga macho kwa vitambaa, akatuambia tutafute mlango wa kizazi kwa vidole. Wenzangu walihangaika. Mimi niliupata upesi, nikakaa nasubiri sifa. Fundi akasema, "Kimaro, akili unayo. Mkono wako una haraka." Katika maneno hayo nilibeba ya kwanza tu, nikashuka nayo Dar es Salaam.

Nilipangiwa upande wa Temeke. Watu wa mjini hawaamini kwamba kuna ng'ombe huku, wanadhani nyama inaota buchani. Lakini ukitoka Mbagala ukaingia Chamazi na kuendelea ndani, enzi zile mashamba yalikuwa bado makubwa, na walikuwepo wafugaji wa ng'ombe wa nyama wenye akili zao, wanaotaka ndama wa maana kila mwaka. Siku za mechi kelele za uwanjani zilikuwa zinawafikia ng'ombe zizini na huwezi kumshika hata mmoja. Nilijifunza kuuliza ratiba ya mpira kabla ya kuuliza ng'ombe gani ana joto la kutaka dume.

Kwa wale mtakaowasomea wake zenu andiko hili, uhimilishaji ni kumpa ng'ombe mimba bila dume kuwepo. Mbegu zinakuja kwenye mirija myembamba kama ujiti wa ndani wa kalamu, imegandishwa ndani ya mtungi wa naitrojeni wenye baridi ya kuchoma. Ndani ya mtungi vinaning'inia vikopo vyenye mikono mirefu, kila dume na kikopo chake. Unautoa mrija haraka, unautia kwenye maji ya uvuguvugu, unaupakia kwenye bunduki, yaani chuma chembamba cha kusukumia mbegu, unavaa glovu mpaka begani, na mengine ni kati yako na ng'ombe. Ukichelewa mbegu imekufa, ukiwahi yai halijashuka. Na hawa Borani, ng'ombe wetu wa nyama, joto lao wanalificha. Ng'ombe wa maziwa akiwa na joto mtaa mzima unajua, Borani anaweza akaanza alfajiri akamaliza kabla hujanywa chai.

Saidi tuliajiriwa naye mwaka mmoja, mimi na cheti changu, yeye kama mhudumu. Alikuwa mtu wa Newala, mfupi, mpole, kanizidi umri kidogo. Alikuwa amebeba magunia sokoni Tandale, kisha akachunga ng'ombe wa mwenye bucha mmoja, ndipo akaja kwetu kuosha mabuti na kushika mikia. Shule hakuwahi kukaa. Herufi zilikuwa zinamtazama naye anazitazama, basi. Mimi alikuwa ananiita Mangi, kama wanavyotuita sisi wa Rombo wote mjini humu.

Mimi mwenyewe ndiye niliyemtia kazini. Nilianguka na pikipiki nikateguka bega, na kulikuwa na ng'ombe wa kupandishwa jioni ile ile. Nikamwambia, "Saidi, umeniona mara ngapi?" Akasema, "Nyingi tu, Mangi." Nikamwelekeza nikiwa nimesimama pembeni na bega limefungwa kanga ya mke wangu. Hakuwa na haraka hata kidogo. Aliweka kiganja juu ya kiuno cha ng'ombe, akasema kwa sauti ya chini, "Hodi." Nikacheka mpaka bega likauma. Yeye akasubiri. Ng'ombe akalegea, mkono ukaingia, na miezi tisa baadaye ndama alikuwa chini.

Ile hodi haikuwa mzaha. Alikuwa anabisha kwa kila ng'ombe. Akimsikia amejikaza anatoa kiganja, anasubiri, anabisha tena. Mara tatu. Mara ya tatu ng'ombe akiendelea kujikaza, anafunga mtungi wake na kumwambia mwenye mali, "Huyu bado, nitapita kesho." Nilimuuliza kwa nini asilazimishe, maana mimi nililazimisha sana. Akanijibu, "Hodi tatu, usipokaribishwa unaondoka. Hata kwa watu ndivyo." Nami nikaona huyu ananifundisha adabu mbele ya wachungaji.

Bega likapona, lakini simu hazikurudi kwangu. Mtu anapiga, "Shikamoo, bwana mifugo. Samahani, yule Saidi yupo?" Nasema yupo, lakini hata mimi nipo. "Aa, sawa, basi tutamsubiri." Nilianza kuhesabu kichwani nani ameita nani. Nilikuwa na ng'ombe mmoja wa Mbande nilimpandisha mara tatu akarudi kwenye joto mara tatu, Saidi akaenda mara moja, ng'ombe akashika mimba. Siku hiyo nilikula chakula cha mchana peke yangu nyuma ya ofisi, na wali ulikuwa mtamu nikauona mchungu. Nyie mnasoma vitabu vya chakula cha madini na ubora wa mbegu. Vitabu ni kweli vyote. Lakini kulikuwa na kitu mkononi mwa mtu yule ambacho mimi sikupewa, na nilikijua, na kiliniuma.

Kilichonimaliza ni mke wangu. Tunakaa Kinyerezi, karibu na mitambo ya umeme wa gesi, na umeme unakatika kwetu kama kwenu. Nyumbani mke wangu ana ng'ombe mmoja wa maziwa, mali yake, nami nimekatazwa kumwita wetu. Asubuhi moja narudi kuchukua makaratasi niliyosahau, nakuta pikipiki ya ofisi uani. Saidi yuko bandani, mkono umeingia, mke wangu ameshika mkia. Akaniambia bila hata kuona haya, "Baba Neema, sikutaka kukusumbua." Nilimwambia amefanya vizuri. Nikampa Saidi mkono. Moyoni nilitaka aanguke mbele ya watu, hata mara moja tu, ili dunia ijue kwamba naye ni binadamu.

Sasa niwaeleze nyuzi. Miezi hiyo tulikuwa tumeletewa mbegu za madume wawili, na waliowapa majina walikuwa watu wa huko kwetu: Kibo na Mawenzi. Kibo alikuwa dume mwekundu mwenye uso mweupe, mkubwa hasa, ndama zake wanazaliwa na vichwa na mabega. Huyo ni wa ng'ombe waliokwisha kuzaa, wenye njia pana. Mawenzi alikuwa mweusi, ndama zake wadogo, wembamba wa kichwa, wanatoka kwa urahisi halafu wanakua wakiwa nje. Huyo ni wa mitamba, wale majike ambao hawajazaa bado. Mtamba ukimpa Kibo umemwandikia kifo. Hili Saidi alilijua kuliko mimi, ila majina yaliyochapwa kwenye mirija hakuweza kuyasoma. Akafunga uzi mwekundu kwenye mkono wa kikopo cha Kibo na uzi mweusi kwenye cha Mawenzi. Hizo nyuzi ndizo zilikuwa macho yake.

Kadi ya kila ng'ombe aliyepandishwa nilijaza mimi. Sheria ya ofisi ilikuwa kwamba kila mrija uliotumika unarudi, mtupu, ili jina la dume liandikwe kwa kuliona na si kwa kuambiwa. Saidi alikuwa anauleta kwenye mfuko wa shati, ananiwekea mezani, naandika.

Na mfugaji wetu mkubwa Chamazi alikuwa Mwalimu Tusa, mama mmoja kutoka Tukuyu aliyefundisha shule za msingi maisha yake yote, akastaafu akanunua shamba na Borani. Kumbukumbu za ng'ombe aliziweka kwenye daftari la mahudhurio, na mitamba aliwapa majina ya masomo. Mwaka ule walikuwa sita: Hisabati, Sayansi, Jiografia, Uraia, Stadi na Michezo. Aliwakuza tangu ndama. Maksai ndio aliuza kwa wenye mabucha, lakini mitamba hao sita alikuwa anawaambia watu kwamba ndio kiinua mgongo chake cha pili.

Jumanne moja, baada ya ile asubuhi ya Kinyerezi, Saidi alijiandaa kwenda Chamazi. Ng'ombe wawili wakubwa wa Mwalimu walikuwa na joto. Alikwenda kuchemsha maji ya chupa, mtungi ukabaki mezani kwangu. Nikafungua uzi mwekundu, nikafungua uzi mweusi, nikabadilisha. Ilichukua muda wa kumeza chai. Hesabu yangu ilikuwa hii: ng'ombe wakubwa watapata Mawenzi badala ya Kibo, watazaa ndama weusi wadogo, hakuna atakayeumia, na Mwalimu Tusa, ambaye hapendi makosa, atamuuliza Saidi mbele ya watu imekuwaje. Nilitaka aulizwe. Nilitaka nisimame pembeni nisikie akijiuma. Sikutaka zaidi ya hapo, lakini hapo nilipataka sana.

Saidi alirudi jioni, matope mpaka magotini, anacheka. "Mangi, leo nimefanya kazi. Wale wakubwa hodi tatu wamenikatalia, joto limeshapita. Ila mitamba wote sita wako tayari, Mwalimu aliwachoma sindano ya kuwaleta kwenye joto pamoja. Nimewapandisha wote." Akaingiza mkono kwenye mfuko wa shati, akaniwekea mezani mirija sita mitupu. Nikaishika mmoja mmoja. KIBO, KIBO, KIBO. Sita.

Hapa ndipo nataka mnisome polepole. Kosa la kubadilisha nyuzi lilikuwa la dakika, na bado lilikuwa linatibika. Mnajua wenyewe. Ukingoja wiki moja hivi, sindano moja inaiondoa mimba changa, ng'ombe anarudi kwenye joto, unaanza upya na dume wake. Dawa ilikuwa kwenye friji ya ofisi, rafu ya chini, naifungua kila siku kuchukua maji ya kunywa. Kilichotakiwa ni mimi kusema, "Saidi, nyuzi zilibadilishwa." Angeuliza na nani. Basi nikaandika kadi sita, kila moja nikaandika Mawenzi. Mirija nikaitia kwenye kopo la maziwa ya unga, nikafunga. Nyuzi nikazirudisha mahali pake kabla Saidi hajafika kesho yake.

Nilijiambia kwamba labda hawatashika. Mitamba wengi mara ya kwanza wanarudi. Ingekuwa mkono wangu, nina hakika wangerudi nusu. Ilipotimia miezi mitatu nikaenda kupima mimba, maana upimaji ulitaka mwenye cheti. Nikavaa glovu. Hisabati ana mimba. Sayansi, Jiografia, Uraia, Stadi, wote wana mimba, Michezo peke yake ndiye mtupu. Watano kati ya sita, kwa mtu asiyejua kusoma. Mkono wangu uko ndani ya Uraia, nimeugusa mfuko wa ndama, na hata siku hiyo sindano ile ingefanya kazi. Mnajua nilichowaza? Sikuwaza Uraia atazaaje. Niliwaza, huyu mtu anapataje watano.

Mwalimu Tusa alisimama nje ya zizi na daftari lake. "Umepata wangapi, bwana Kimaro?" Nikasema watano. Akafurahi mama yule, akamgeukia Saidi. "Saidi, mkono wako una baraka." Nikavua glovu.

Zikapita wiki na miezi. Kila nilipopita Chamazi nilikuwa natazama matumbo yao, nikiona yamekuwa makubwa najiambia mvua ilikuwa nzuri, wameshiba. Hisabati akaanza uchungu Alhamisi asubuhi. Tulifika sote wawili. Saidi akaingiza mkono, akapapasa, akasema bila kunitazama, "Mangi, hizi kwato si za Mawenzi." Nikasema, lete kamba. Tukafunga kamba kwenye miguu ya ndama, tukamwaga mafuta ya kupikia ya Mwalimu chupa mbili, tukavuta pamoja na wachungaji wake. Kichwa kilipotoka uso ulikuwa mweupe kama maziwa, ulimi umevimba, amekwisha kufa. Kiuno chake kikakwama ndani. Hisabati alikufa saa sita mchana, Mwalimu amempakata kichwa.

Alipoinuka aliuliza kwa sauti ya darasani, "Nani alimpandisha?"

"Mie, Mwalimu," Saidi akasema.

"Kwa mbegu gani?"

"Uzi mweusi. Mawenzi."

"Huyu ana uso mweupe, Saidi." Akanigeukia mimi. "Kadi inasemaje?"

"Mawenzi, Mwalimu."

"Na mirija yenyewe? Si mnarudisha mirija?"

Nilikuwa bado nimeshika kamba. Nikasema, "Siku ile hakuileta, Mwalimu. Niliandika alichoniambia."

Saidi akanitazama. Nilijiandaa kwa ugomvi, na laiti angegomba. Akasema taratibu, "Mie nilileta, nadhani." Kisha akatazama mikono yake, damu mpaka mabegani. "Labda uzi nilivuta siwo. Mie si najua rangi tu." Na mimi nikaanza kukunja kamba.

Jiografia alikufa siku ya nne yake pamoja na ndama. Sayansi ndama alitoka mfu, naye mishipa ya miguu ikaumia, hakusimama tena, akachinjwa pale pale alipolala. Uraia aliokolewa na daktari aliyemfungua tumbo, hakushika mimba tena maisha yake. Stadi ndiye aliyezaa mwenyewe usiku bila kumwambia mtu, ndama dume mwenye uso mweupe, mzima. Mwalimu hakumpa jina.

Ofisini Saidi hakufukuzwa. Aliweka glovu na bunduki mezani kwangu mwenyewe, akasema mkono huu hauingii tena ndani ya ng'ombe wa mtu. Wakubwa wakamhimiza, nami nikamhimiza, tena kwa maneno mazuri sana. Akakataa. Akafungua kibanda cha pumba na mashudu kule Chamazi, na simu zikaanza kunijia mimi. Nilikuwa nimeshinda. Wa kwanza kunipigia alisema, "Sasa Saidi ndio hayupo kabisa kabisa?"

Mngedhani wivu uliishia hapo, haukuishia. Mwezi mmoja baadaye napita kwa Mwalimu Tusa kuchanja, namkuta Saidi barazani, ameshika penseli, kikombe cha chai pembeni. Alikuwa amekwenda kuomba radhi, akiwa na mbuzi wake mmoja wa fidia. Mwalimu alimrudisha mbuzi akamwambia, "Sitaki mbuzi. Umeniulia watoto kwa kutokujua kusoma, basi utasoma." Kila Jumamosi, ngumbaru ya mtu mmoja. Mtu anayeaminika ameua mitamba wake, anamiminiwa chai. Mimi nisiye na lawama niliulizwa habari zangu nikiwa nimesimama juani na sindano, kisha nikaambiwa haya, kazi njema. Miaka yote hiyo kila Jumamosi nilijua Saidi yuko wapi, na nilikuwa natafuta sababu ya kupita.

Kazi niliendelea nayo, na nilikuja kuwa mzuri. Nilipunguza haraka. Siku moja nilijisikia nikisema hodi, kwa sauti ya chini, kiganja kiunoni, na ng'ombe akalegea. Nyie niliowafundisha mmedhani ni yangu. Kwenye hafla mmoja wenu alisimama akasema, "Mzee wetu ana mkono wa baraka, na ile hodi yake hatutaisahau." Mkapiga makofi, mkanipa saa ya ukutani. Nilirudi nayo Kinyerezi nikaiweka chini ya kitanda, pembeni ya lile kopo la maziwa.

Wiki moja baada ya hapo nilikwenda Chamazi na kopo. Saidi alikuwa anapima pumba kwa debe. Amezeeka, tumezeeka. Akaniwekea gunia nikae. Nikafungua kopo nikammiminia mirija kwenye kiganja, nikamwambia yote, kuanzia Kinyerezi na mkia wa ng'ombe wa mke wangu. Nilipomaliza aliuchukua mrija mmoja, akauelekeza kwenye mwanga, midomo ikitembea.

"Ka, i, Ki. Ba, o, bo. Kibo." Akachukua wa pili. Akaisoma yote sita, kila mmoja kwa shida ile ile, nami nasubiri.

"Herufi nne tu," akasema. "Nilidhani ni nyingi."

Nikasema, "Kaka Saidi, nisamehe."

"Mirija nilikupa, hilo nilikuwa najua. Nikadhani umeipoteza, ukaona haya mbele ya Mwalimu. Nikasema mwache Mangi, ana cheti chake, kitaingia doa." Akairudisha mirija kwenye kopo. "La uzi sikujua. Nimelala na la uzi miaka yote, najiuliza mkono wangu ulikwendaje kwenye mwekundu macho yakiona mweusi. Nilikuwaga nanyoosha huu mkono kitandani nautazama."

Nikamwambia mkono wako haukukosea. Wafugaji bado wapo, nitamwambia kila mtu, rudi. Akatikisa kichwa. "Huu ushazoea debe, Mangi. Vidole vishakufa ganzi." Kisha akaniambia kitu cha mwisho alichoniambia mpaka leo. "Mie usiniombe kitu. Ulidanganya kwa kalamu, kasahihishe kwa kalamu. Pale pale ulipoandika."

Nikaenda kwa Mwalimu siku hiyo hiyo. Nilipiga hodi mara moja tu, akanikaribisha. Hakuniambia nikae, nami nilieleza nikiwa wima. Alikwenda ndani kwa fimbo yake, akarudi na daftari la mahudhurio la mwaka ule na kalamu nyekundu. Nikaandika Kibo kwenye mstari wa kila mtamba. Akasoma, akaweka alama ya vyema pembeni ya kila mstari kama anavyosahihisha za watoto, akafunga daftari. "Saidi anajua?" Nikasema anajua. Akasema, "Asante. Nenda."

Kadi za ofisi ziko kwenye kabati la chuma, droo ya chini, bahasha ya Chamazi. Mimi sina tena ruhusa ya kuzigusa, kwa hiyo nawaachia nyie. Kwenye kadi ya Hisabati, Sayansi, Jiografia, Uraia, Stadi na Michezo, palipoandikwa Mawenzi, andikeni Kibo. Palipoandikwa kosa la mhudumu, futeni. Andikeni kwamba mpandishaji alikuwa Saidi, alifuata uzi wake kama ilivyo, na aliyeuhamisha ni Evarist Kimaro, mwenye cheti, kwa wivu. Andikeni hivyo hivyo, kwa wivu, msitafute neno la kiofisi. Na hodi ni ya Saidi.

Jumamosi iliyopita nilirudi kwa Mwalimu Tusa. Nilikuwa na pakiti ya majani ya chai na sukari, vitu vya kawaida vya mtu anayetembelea mtu. Geti lilikuwa limerudishiwa tu. Nikasikia kikombe kikiwekwa kwenye kisahani, na sauti ya Saidi inasoma kitu kwa sauti, gazeti nadhani, na Mwalimu anamrekebisha, kisha wote wawili wanacheka. Wivu ukanipanda pale pale getini, ule ule wa zamani, mbichi.

"Hodi," nikasema. Kusoma kukakatika.

"Hodi." Nikasikia kiti kikisogezwa, kisha kikatulia.

Nikasubiri kama alivyokuwa anasubiri yeye, kiganja kwenye geti, bila haraka. Nikabisha ya tatu. Ndani walikuwa kimya, wote wawili, na walinisikia. Nikaweka chai na sukari chini ya geti, nikaondoka.